Superbird Namba 43: Vile Utaunda na Kupiga Rangi Stock Car ya Plastiki Ndani ya Keja Yako

Kama uliwatch Cars, ile filamu ya Pixar ya 2006, basi The King unamjua. Ile ndai ya bluu yenye mdomo mrefu na bawa limesimama juu ya buti. Sauti yake ni ya Richard Petty mwenyewe, dere wa Marekani aliyeshinda race 200 za NASCAR na kubeba ubingwa mara 7. Na hiyo mashine watu wa Pixar hawakuitoa kichwani. Ni Plymouth Superbird ya 1970, namba 43, na ilikimbia kweli.

Hiyo ndiyo tunaunda hapa, kwa plastiki, kwa kipimo cha 1/24. Yaani kila sentimita 24 za ndai halisi zinakuwa sentimita 1 mezani kwako. Superbird halisi ina urefu wa karibu mita 5.6, kwa hivyo yako itakuwa na sentimita 23 hivi. Inatoshea juu ya spika. Lakini usidanganywe na saizi, hii si kazi ya jioni moja. Jipange na wiki tatu ama nne, na siku nyingi kati ya hizo utakuwa umekaa tu ukingoja rangi ikauke. Wasee wengi huharibu hapo pa kungoja.

Stock car ni ndai gani?

"Stock" ni ndai vile ilitoka kiwandani, ile yoyote mwenye doh angeingia dukani akanunua. Bill France Sr. aliwakusanya wenye race kwa hoteli moja Daytona Beach mnamo Desemba 1947, na Februari 1948 NASCAR ikasajiliwa. Race ya kwanza ya ndai za aina hiyo ilipigwa Charlotte tarehe 19 Juni 1949. Glenn Dunaway akamaliza wa kwanza, wakaguzi wakaingia chini ya ndai, wakapata springi za nyuma zimeongezwa nguvu. Hiyo ilikuwa mbinu ya wale wa kusafirisha chang'aa ya kwao, ndio ndai isilalie nyuma ikiwa imejaa mzigo na karao wasishtuke. Ushindi akanyang'anywa, akapewa Jim Roper.

Kwa hivyo tangu siku ya kwanza huu mchezo umekuwa wa kuuliza: naweza kutoka mbali kiasi gani na ndai ya kawaida kabla nishikwe? Superbird ndio mbali kabisa walifika. NASCAR ilitaka kampuni iuze ndai za kutosha kwa raia kabla iruhusiwe kuzikimbiza, na Plymouth ikatengeneza karibu 2,000. Fikiria hiyo kitu imepaki nje ya supermarket.

Na sababu ya kuitengeneza ilikuwa Petty. Mwaka wa 1968 alitaka kuhamia Dodge, kwa sababu Dodge ilikuwa inaunda ndai za kukata hewa. Plymouth ikamkatalia, akachukua vitu vyake akaenda Ford akaendesha huko mwaka mzima wa 1969. Plymouth wakaona wamejichoma. Wakaunda Superbird, jamaa akarudi 1970. Msimu uliofuata, 1971, NASCAR ikasema ndai zenye bawa zitumie injini isiyozidi inchi za ujazo 305, yaani kama lita 5, wakati Superbird ilikuwa inabeba Hemi ya 426, lita 7. Hakuna aliyesema ndai imepigwa marufuku, lakini ilikuwa imeisha. Msimu mmoja tu. Ndiyo maana modeli yake ina uzito: karibu kila kitu kuhusu hii ndai kilitokea ndani ya mwaka mmoja, na ukikosea mwaka, umekosea ndai.

Chagua siku kabla uchague rangi

Hili ndilo jambo la kwanza, na watu wengi huliruka. Usiseme "naunda Superbird ya Petty". Sema ni ya race gani. Ndai ya racing hubadilika kila wikendi: stika inahama, mlango unagongwa, rimu zinabadilishwa.

Mfano rahisi. Ukiuliza watu Superbird gani ilishinda Daytona 500 ya 1970, wengi watakuambia 43. Zii. Injini ya Petty ilikufa mapema siku hiyo, 22 Februari. Iliyoshinda ni namba 40, ya Pete Hamilton, kutoka garage hiyo hiyo ya Petty, na bluu ni ile ile. Kwa hivyo ukiweka 43 kwa shelfu na kibao cha "Mshindi wa Daytona 1970", msee mmoja anayejua atakuja akuangalie tu na jicho la huruma.

Mfano wa pili ni ile neti ya dirishani upande wa dere. Mei 1970, huko Darlington, Petty alipiga ukuta wa ndani na ndai ikabingirika. Haikuwa Superbird, ilikuwa Plymouth Road Runner ya kawaida, lakini picha zilionyesha kichwa na mkono wake vikining'inia nje ya dirisha. Aliponea na bega lililoteguka. Baada ya hapo NASCAR ikafanya neti kuwa lazima. Sasa wewe ukiweka neti kwa ndai ya Daytona ya Februari 1970, umeweka kitu ambacho kililetwa na ajali ambayo bado haijatokea. Picha ndiyo hakimu. Tafuta za siku yako, pande zote nne, uzihifadhi kwa simu kabla ufungue boksi.

Boksi lenyewe

Kampuni ya Jo-Han ilitoa Superbird ya Petty kwa 1/25, lakini hiyo siku hizi ni ya kuwindwa kwa wakusanyaji. Monogram ilianza kutoa stock car za NASCAR kwa 1/24 mwaka wa 1983, na hizo zilifungulia watu wengi hii hobby. Kitu utakachopata kirahisi zaidi ni Superbird ya barabarani ya 1/24 ya Monogram, ambayo imeuzwa pia na jina la Revell. Ukiagiza kutoka nje, piga hesabu ya usafiri na ushuru kabla ubonyeze kununua, kwa sababu boksi ni kubwa kuliko vile unafikiria.

Shida ya hiyo ya barabarani ni kwamba si ya racing, na tofauti ziko wazi. Ile ya raia ilikuwa na paa la vinyl, lile la ngozi ngozi, ambalo kiwanda kiliweka kuficha viraka vya kioo cha nyuma. Ya racing haina. Kwa hivyo lazima upige msasa hiyo ngozi yote mpaka paa iwe laini, na hapo utatoa jasho. Toa viti vya abiria na kiti cha nyuma. Unda keji ya mabomba kwa vijiti vya plastiki vya milimita 2 hivi, ukivipinda pole pole juu ya mvuke. Weka pini za boneti, rimu pana za chuma na tairi nene. Taa za mbele zizibe, kwa racetrack hakuna mtu anataka taa.

Kama hii ndiyo modeli yako ya kwanza kabisa, achana na haya ya kubadilisha. Chukua kiti yoyote ya NASCAR iliyo kamili, fuata karatasi, jifunzie hapo. Superbird itakungoja.

Bodi: kabla rangi iguse kitu

Ukitoa vipande, usivivunje na mkono kutoka kwa fremu yake. Kata na kikata kucha, halafu malizia na wembe. Osha kila kitu na maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya moldi na rangi haishiki juu ya mafuta. Anika, usifute na kitambaa cha nywele nywele.

Ukiinamisha bodi kwa mwanga utaona vimistari vyembamba vinapita juu ya fenda na nguzo za paa. Hapo ndipo pande mbili za moldi zilikutana. Kwaruza na mgongo wa kisu, kisha msasa wa 400, halafu 600 na maji. Ukiviacha, rangi haitavificha, itaviimba.

Kwa Superbird kuna kazi moja ya ziada: ule mdomo. Huja kama kipande chake, na pale unapokutana na fenda huwa hapakai sawa. Ugandishe kwa bodi kabla ya rangi, jaza pengo na putty, piga msasa, angalia, rudia. Usiupake rangi kando ukidhani utashikana vizuri baadaye. Bawa nalo ni kinyume chake. Lipake rangi kando na usiligandishe mpaka siku ya mwisho kabisa, la sivyo utalivunja mara nne ukishika ndai.

Kisha praima, ya kijivu ama nyeupe. Kijivu itakuonyesha makosa yote uliyodhani umemaliza. Rekebisha, halafu juu yake pitisha nyeupe, kwa sababu bluu ya Petty ni nyepesi na ikikaa juu ya kijivu inaonekana mgonjwa.

Bluu ya Petty

Wale wa nganya wanajua hii maneno: rangi inaweza kuwa jina. Ukiona mathree kutoka mbali unajua ni ya route gani kabla usome kitu. Huko North Carolina ni hivyo hivyo. Inasimuliwa kwamba familia ya Petty walikuwa na nyeupe kidogo na bluu kidogo, hakuna iliyotosha ndai nzima, wakachanganya. Ikatoka bluu ya anga, karibu na turkwazi, na tangu hapo ikabaki yao. Mwaka wa 1972 kampuni ya STP ilipoleta ufadhili, bosi wake Andy Granatelli alitaka ndai nzima iwe nyekundu. Petty akakataa. Wakapatana: nyekundu iwepo na bluu iwepo. Kwa hivyo ukiona nyekundu kwa namba 43, hapo umeshapita 1971, na Superbird haiko tena. Usichanganye hizo mbili.

Kuichanganya mwenyewe, anza na nyeupe ndio uongeze bluu tone kwa tone, halafu kijani kidogo sana. Usianze na bluu, utamaliza mkebe mzima wa nyeupe ukijaribu kuirudisha. Jaribu kila mchanganyiko juu ya kijiko cha plastiki kilichopigwa praima ile ile. Ngoja kikauke, kwa sababu rangi hubadilika ikikauka, kisha kilinganishe na picha nje kwa mwanga wa jua. Balbu ya keja hudanganya. Ukipata unayotaka, changanya ya kutosha ndai nzima na bawa kwa mara moja. Ukirudi kuchanganya tena hutaipata ile ile.

Sasa swali la watu wa mtaa: si niende tu kwa wale jamaa wa kuchanganya rangi za magari? Unaweza, na watakutolea shade fiti. Lakini shika mambo mawili. Rangi ya gari ina thina kali inayokula polistirini, ile plastiki ya modeli. Ukiipuliza nzito moja kwa moja, bodi inapasuka nyufa ndogo ndogo kama matope yaliyokauka, na hakuna dawa. Praima iwe imefunika kila mahali, na mipulizo ya kwanza iwe myepesi kama vumbi. Pili, kuna zile za kuchanganywa na hadena. Hizo zina isosianati, ambayo huharibu mapafu na inaweza kukuachia pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa haizuii hata kidogo. Hizo waachie wenye vyumba vya kupulizia na vifaa kamili.

Na hata kwa spreyi ya kawaida, kama unaishi bedsitter na mtungi wa gesi uko mita moja kutoka kitandani, usipulizie ndani. Mvuke wa thina hushika moto, na hautafuti meko, meko ndiyo huupata. Toka nje, panda juu ya paa ama nenda kwa balconi, vaa barakoa yenye filta za mvuke wa kemikali, na uangalie upepo haupeleki rangi kwa nguo za jirani.

Hali ya hewa nayo ina maneno yake. Wakati wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, hewa ina maji mengi na rangi aina ya laka hukauka ikiwa na ukungu mweupe. Ngoja siku kavu, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa hivi. Ile baridi ya Julai ya Nairobi inafanya mkebe utoe rangi ya matone matone, kwa hivyo uweke ndani ya maji vuguvugu dakika chache. Vuguvugu, si ya kuchemka, na usiwahi kuuweka karibu na jiko. Ukiwa Mombasa, joto na upepo vitakusumbua kwa njia nyingine: rangi inakauka hewani kabla ifike, inatua kama mchanga. Huko pulizia asubuhi mapema, na usogee karibu kidogo.

Umbali wa kawaida ni sentimita 15 hadi 20. Anza kubonyeza kabla ufike kwa bodi, pita, achilia ukiwa umeshavuka. Pasi mbili nyepesi, ngoja dakika kumi kumi, halafu moja yenye maji maji ndio ing'ae. Kisha funika na beseni safi, nenda zako. Laka hukauka kwa masaa, enameli inataka siku kadhaa hadi wiki. Njia ya kujua ni pua: ikiwa bado inanuka, bado haijakauka. Usiiguse na kidole, kidole chako kitabaki hapo milele.

Namba na stika

Dekali ndizo hufanya ndai iwe ya mtu. Kata kila moja peke yake, ichovye kwa maji vuguvugu kama sekunde 20, iache juu ya tishu mpaka iteleze yenyewe. Weka tone la maji mahali inapokaa, telezesha, sukuma maji nje na brashi laini kutoka katikati. Rangi ya chini lazima iwe ya kung'aa. Ikiwa imefifia, hewa hubaki chini ya dekali na utaona utando wa fedha fedha. Kuna maji maalum ya kuilainisha ilale kwa mikunjo. Ukikosa, siki nyeupe iliyoongezwa maji husaidia kidogo, lakini ijaribu kwanza kwa stika ambayo hutaitumia.

Anza na ile 43 kubwa ya mlangoni na ile ya juu ya paa. Ikishakauka, pitisha wembe mpya pale inapovuka mstari wa mlango, ndio isionekane kama mlango umefungwa na selotepu. Zile stika ndogo za wafadhili nyuma ya gurudumu la mbele ndizo watu huziweka ovyo. Zina mpangilio wake, na hapo tena unarudi kwa picha zako. Ukimaliza ngoja siku nzima, halafu klia, myepesi sana mara mbili za kwanza. Klia nzito juu ya dekali mbichi huikunja kama karatasi imewekwa kwa moto, na hapo kazi yote imeenda.

Ndani, vioo na bawa

Ndani ya stock car hakuna urembo. Chuma kilichopakwa rangi, kiti kimoja, keji, mshipi. Tumia rangi isiyong'aa, kisha pitisha nyeusi iliyoyeyushwa sana kwa kona, ndio ionekane kuna mtu alitokwa na jasho hapo. Waya za plagi za injini toa kwa earphone zako zilizokufa, ule uzi wa shaba wa ndani una unene poa.

Vioo viangalie vizuri. Superglue ikikauka hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwa plastiki ya kuona, na hautoki. Tumia gundi nyeupe ya mbao, ile ya maji. Huwa nyeupe ukiipaka, ikikauka inakuwa wazi, na ukikosea unaifuta na kitambaa chenye maji.

Gandisha chesi kwa bodi, kisha weka ndai juu ya kipande cha kioo uangalie kama tairi zote nne zinagusa. Ikiwa moja iko hewani, rekebisha ekseli sasa hivi kabla gundi ishike kabisa. Halafu leta bawa. Kwaruza rangi kidogo chini ya zile nguzo mbili, kwa sababu gundi hushika plastiki vizuri kuliko rangi. Simamisha, shikilia na masking tepu pande zote, na uiangalie kutoka nyuma kabisa, jicho likiwa usawa wa buti. Nguzo zisimame wima na ubao wa juu uwe sambamba na buti. Toa tepu kesho yake.